Kamba Haiulizwi Mara Mbili

Watu wa mji ule walikuwa na hakika ya kitu kimoja tu, nacho ni kwamba wameshika ncha. Ncha ya pili hawakuijua, upande wake waliuita Huko tu. Kamba ilitoka kwenye ukungu, ikapita juu ya uwanda usioota hata mbigili, ikaingia mjini kwa mlango usio na ubao, ikaishia mikononi mwa Mshika Kamba. Nani aliisokota, na kwa makumbi ya minazi gani, hayo hayakuulizwa. Mtoto aliyeuliza alipewa kipande cha muhogo ili mdomo wake upate kazi nyingine. Lakini matumizi yake kila mtu aliyajua. Mwenye haja husema haja yake. Mshika Kamba huinyanyua kamba kwa ghafla na kuirudisha, na nundu huzaliwa. Nundu hukimbia juu ya uwanda, ikapungua machoni, ikamezwa na ukungu. Mji mzima hubana pumzi. Halafu, baada ya muda ambao hakuna aliyeweza kuupima, kwa kuwa wakati wenyewe ulipita kwenye kamba hiyo hiyo, kitu hurudi.

Kilichorudi siku zote kilikuwa bonde. Nundu ilikwenda imeinuka, jibu likarudi limezama. Na bonde maana yake ni hapana.

Tuchimbe kisima kipya? Bonde. Binti wa fulani aolewe na mwana wa fulani? Bonde. Tuwape wagonjwa maziwa ya mbuzi? Bonde. Mji ukajengeka juu ya hapana kama nyumba inavyojengeka juu ya mawe, na usidhani watu wake walikuwa wanyonge. Walikataliwa, naam, lakini walikataliwa na mkubwa, na waliporudi majumbani walijisikia watu wenye bwana wao, maana asiyekusikia hakukatai. Visima walichimba hivyo hivyo. Mabinti waliwaoza hivyo hivyo. Ila kila walichokifanya walikifanya na hatia kidogo mbavuni, na hatia hiyo ndiyo iliyokuwa serikali yao. Hapakuwa na askari hata mmoja. Askari wa nini, ikiwa kila mtu anakunywa maji ya kisima alichokatazwa?

Hata furaha yao ilikuwa na tabia ya kamba. Furaha iliyotoka asubuhi ilifika mahali fulani mbele, ikagonga, ikarudi jioni imepinduka kuwa msiba. Ngoma ya harusi ilirudi baada ya siku kadhaa kwa mdundo ule ule, lakini waliokuja nayo walikuwa wamebeba jeneza. Kwa hiyo watu walicheka kwa kiasi, kama anayeonja mchuzi wa moto, ili kilio kitakaporudi kiwe cha kubebeka. Mashavu peke yake, siku alipoolewa, alicheka mpaka wanawake wakamziba mdomo kwa viganja. Tangu siku hiyo alikuwa akingoja.

Huyu Mashavu alikuwa msuka ukili wa mikeka, na mumewe, Jecha, alikuwa mwana wa pekee wa Mzee Makame, Mshika Kamba mwenyewe. Kamba ilikuwa urithi wa Jecha. Tangu utotoni watu walivitazama vidole vyake kuliko uso, wakimkanya asikate kuni, asichume ndimu, asije akaumia. Lakini mtu ukimfuga kwa ajili ya kitu kimoja atakitazama mno, na Jecha aliitazama kamba mpaka akaanza kuona humo yale ambayo wengine hawakuyaona. Siku moja alimwita mkewe uani, ambako kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imefungwa kwenye nguzo.

"Zitoe kanga zako hapa."

"Mbichi hizo, Jecha. Nizipeleke wapi?"

"Zishike tu. Tazama."

Akaitikisa. Nundu ikakimbia mpaka kwenye nguzo na kurudi bonde. Mashavu akacheka kwa hofu, akatupa jicho mlangoni asije baba mkwe akawaona wanacheza na mambo ya watu wazima.

"Umeona?" Jecha alisema. "Kamba ya kuanikia nguo hii. Haina baraza, haina cheo, na nyuma ya nguzo hakuna mtu ila kuku. Nayo imekataa kama ile."

Kisha akafungua fundo. Ncha ya kamba akaiunga na uzi mwembamba wa kushonea, na uzi huo ndio akaufunga kwenye nguzo, hivyo kamba ikabaki imenyooka lakini ncha yake inacheza itakavyo. Akatikisa tena. Nundu ikaenda, na ilipofika mwisho ncha iliruka juu sana, mara mbili ya nundu yenyewe, kama mbuzi aliyefunguliwa. Halafu nundu ikarudi. Haikupinduka. Ilirudi nundu, ikamfikia mkononi kama ilivyotoka.

"Kinachokataa ni fundo," Jecha alisema. "Nundu inafika, inataka kuinyanyua ncha, fundo halinyanyuki, linaivuta chini. Basi. Hilo ndilo bonde. Haja yetu imegonga mahali pasipoinuka, ikarudi miguu juu. Ncha ingekuwa huru, kila haja ingerudi kama ilivyokwenda."

"Kwa hiyo Huko hakuna mtu?"

 Jecha alikuwa akiukunja uzi kidoleni, taratibu, mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe. "Nakwenda kuliona fundo," alisema hatimaye. "Nikiweza, nitalifungua." Na kweli akaenda, alfajiri moja, akitembea chini ya kamba bila kuigusa, mpaka ukungu ukamchukua kuanzia miguuni.

Aliyepotea katika mji ule haachwi hivi hivi. Mwaka ukigeuka, kamba huulizwa: yuhai? Nundu ikaenda, bonde likarudi, na huyo akawa maiti kwa hukumu. Mkewe hukaa eda, jina lake halitajwi tena. Hapo si kitu, kila mji una namna yake ya kufiwa. Kilichomkosesha Mashavu usingizi ni kile kilichofuata, kwa maana baadhi ya hao maiti walirudi. Walirudi na vumbi miguuni na zawadi mkononi, wakabisha hodi, na hakuna aliyewaona. Si kwamba watu walijifanya. Hawakuwaona. Mashavu alipokuwa mdogo alimwona mjomba wake amesimama kizingitini, akamwambia mama yake, "Mama, mjomba huyo," na mama akaendelea kufagia, akafagia mpaka kwenye miguu ya mjomba, akaizunguka kwa ufagio kama mtu anavyozunguka mguu wa kitanda. Mjomba alisimama pale siku nyingi. Kila siku rangi yake ilipungua, kama nguo inayosahauliwa juani. Mwishowe Mashavu naye hakumwona tena, na hajui kama mjomba aliondoka au ni yeye aliyekua.

Nitamfagia, aliwaza. Atakuja mume wangu, nami nitamfagia. Nitasikia hodi, nitasema upepo. Nitakuta mkeka umebonyea nitasema paka kalala. Atasema jina langu... Nani kasema? Hakuna. Kuna sauti tu ya mtu anayenipenda, na mimi natafuta mchele.

Mwaka uligeuka. Ungeweza kuuona ukigeuka: vivuli vya watu vilivyokuwa mbele vikawa nyuma, na siku mbili tatu za zamani zikapita tena mitaani kwa makosa, watu wakipeana salamu walizokwisha kupeana. Mashavu alikaa na miyaa yake, akasuka, akafumua, akasuka. Hofu ilikuwa imemkaa kifuani kama mtu aliyealikwa, haiondoki wala haisemi imefuata nini. Na katika hofu ile alipata fikira iliyomtia baridi. Nundu inakimbia toka mjini mpaka ukunguni, lakini kamba haikimbii. Kila kipande cha kamba hupanda kidogo, hushuka, hubaki pale pale. Kinachosafiri ni umbo tu. Sasa mtu ni kipi? Ni yale makumbi yaliyokaa mahali pake, au ni nundu iliyopita juu yake? Nyama hii imepitiwa na Mashavu wa utotoni, akaenda zake, akapitiwa na Mashavu bibi harusi, naye akaenda zake. Labda Jecha hakuondoka kabisa. Labda Jecha ni mtikisiko uliopita hapa ndani, nao bado unakimbia mbele. Na kila kikimbiacho mbele hugonga, na kikigonga kwenye fundo hurudi kinyume. Je, atakayerudi atakuwa Jecha, au atakuwa mtu mwenye umbo la Jecha aliyegeuzwa, anayechukia alichokipenda? Hapo alisimama, akaenda kunywa maji, kwa kuwa fikira nyingine hazifai kufuatwa mpaka mwisho na mtu mwenye njaa.

Lakini alipokuwa anakunywa maji ndipo alipoipata hila yake. Ikiwa fundo hupindua kila kitu, basi lipelekewe kilichopinduka! Nundu hurudi bonde. Na bonde? Bonde litarudi nundu. Lakini katika mji ule hakuna aliyewahi kutuma bonde. Bonde ni umbo la jibu, ni mali ya Huko, kulituma ni sawa na mtoto kumwamkia baba yake "marahaba". Angewaambiaje wazee wa baraza wakubali? Siku aliyoitwa barazani alikwenda na kanga yake ya juu ameifunga kiunoni, jambo ambalo Bi Kazija, dada yake Mzee Makame, aliliona na kulichukia papo hapo.

Wazee walikuwa wameketi kwenye mikeka, na Mzee Makame kati yao, kamba mapajani. Alikuwa amekonda. Mtu aliyewaletea wenzake hapana maisha yake yote sasa alikuwa ameketi akingoja ya kwake.

"Mashavu," alisema, "mwanangu, leo tunamwulizia mumeo. Una neno?"

"Ninalo, baba. Nauliza tu, wazee wangu. Mkitaka kujua hali ya mtu, mnaulizaje?"

"Swali gani hilo?" alisema Mzee Vuai, ambaye alikuwa mkali kwa sababu ya maumivu ya meno. "Twasema, fulani hajambo?"

"Hamsemi, fulani ana jambo?"

Wazee wakacheka. "Ana jambo!" alisema mmoja. "Hiyo si salamu, hiyo ni balaa."

"Basi, wazee wangu, nisameheni mimi mtoto wenu. Hujambo, sijambo, hajambo, hatujambo. Tangu tuzaliwe tunaulizana kwa kukanusha. Heri ya mtu ni kukosa jambo. Na nundu ile, nundu ni nini kama si jambo? Kamba imetulia, imenyooka, haina jambo. Ikivimba, hilo tayari jambo. Wasafiri wetu wote tumewaulizia kwa nundu. Tumekuwa tukiuliza, ana jambo? Na tunashangaa tunajibiwa ndivyo sivyo. Mtu hutakiwa aulizwe kwa bonde. Likirudi nundu, ndiyo, hajambo."

 Mzee Vuai akafungua mdomo akaufunga. Ni vigumu kubishana na salamu yako mwenyewe.

"Na likirudi bonde?" aliuliza Bi Kazija kutoka nyuma.

Mashavu alimgeukia. "Likirudi bonde, shangazi, basi ana jambo. Na jambo la aliyepotea mwaka mzima tunalijua." Alilisema hilo kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa alijua haliwezi kutokea. Fundo ni fundo.

Wote wakamtazama Mzee Makame. Yeye alikuwa akiitazama mikono yake. Alikuwa mtu wa kanuni, angemkatalia mgeni jambo lile kabla halijatoka kinywani. Lakini alikuwa na mwana mmoja. "Mtoto kasema lugha," alisema polepole. "Na lugha tumeikuta." Kwa maneno hayo mila ya mji ikapinda, naye akainuka kwa haraka kabla haijanyooka.

Walitoka wote mpaka mlangoni pa uwanda. Jua lilikuwa la saa sita ingawa asubuhi ilikuwa haijaisha. Mzee Makame alisimama mahali pake, akapanua miguu, akashika. "Jecha bin Makame," aliita kwa sauti iliyokwaruza, "hajambo?" Akaisukuma kamba chini kwa ghafla na kuirudisha. Bonde likazaliwa. Watu waliguna kuliona likienda, kwa maana hawajawahi kuliona bonde mgongo. Walizoea kuliona likija. Likakimbia, likapungua, likaingia ukunguni.

Wakangoja. Kuna kungoja kwa namna mbili, kwa anayejua na kwa asiyejua, na Mashavu aliyekuwa anajua ndiye aliyetoka jasho. Aliyahesabu maneno kichwani. Litarudi nundu. Fundo ni fundo. Litarudi nundu, watapiga vigelegele, jina lake litatajwa, akija nitamwona, nitamwambia umekonda, nitamwambia kaa. Aliona kamba ikitetemeka mbali, kama mshipa shingoni mwa mtu mwongo. Kitu kilikuwa kinakuja. Kilikuwa kidogo, kikakua, kikaonekana.

Lilikuwa bonde.

Lilikuja limezama vile vile lilivyokwenda, likapita juu ya uwanda mbele ya macho ya kila mtu, likaingia mikononi mwa Mzee Makame, naye akayumba. Bi Kazija ndiye aliyeanza. "Jecha wee!" alilia, na kwa kuwa ndiyo mara ya mwisho jina lile kuruhusiwa, wanawake wote wakalidaka, wakalipigia mayowe mpaka likaisha maana.  Halikutajwa tena.

Mashavu alisimama amekauka. Akilini mwake mambo yalifika kwa kuchelewa, moja baada ya jingine. Halikupinduka. Kwa nini halikupinduka? Fundo hupindua. Hakuna fundo. Fundo limefunguliwa! Akapata furaha kali: kafika, mume wangu kafika, kalifungua kama alivyosema. Na nyuma ya furaha, imeishika mkia, ikaja ile nyingine. Ikiwa ncha iko huru, basi leo, leo hii kuliko siku zote tangu dunia iwe dunia, kama wangemwulizia kwa nundu kama walivyowaulizia babu zao, nundu ingerudi nundu. Kamba ingesema ndiyo. Ingesema ndiyo kwa mara ya kwanza, nao wangeanguka kifudifudi. Yeye, Mashavu, na salamu zake, na lugha yake, na kanga yake kiunoni, ndiye aliyemuua. Akili nyingi huondoa maarifa, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mwaka mzima alimwombea mumewe arudi, wala hata mara moja hakuomba kwamba afaulu. Hilo halikumpitia moyoni. Alimpenda bila kumwamini, na huo ndio uliokuwa mtego.

"Ulizeni tena!" alipiga kelele. "Kwa nundu! Ulizeni kwa nundu!"

"Kamba haiulizwi mara mbili," alisema Mzee Vuai, si kwa ukali. Wanawake wakamzunguka. Wakamvua bangili, wakamfunika kanga nyeupe juu mpaka chini, wakamwambia lia, mwenzetu, lia, ukiliweka kifuani litakuua. Aliwaeleza habari za fundo, na nguzo, na uzi wa kushonea. Wakatazamana kwa huruma. "Maskini," alisema Bi Kazija, naye alikuwa analia kweli. "Tangu harusi yake nilisema, kicheko kile."

Mila inasema baada ya hukumu watu waipe kamba mgongo, waende zao bila kugeuka, wamwache Mshika Kamba na aliyefiwa waagane na yule asiye na jina. Wakaenda. Uwanda ukabaki na watu wawili na kile kitu kirefu kilichoingia ukunguni.

"Baba," alisema Mashavu.

"Usiseme."

"Lilikuwa bonde tulipolituma, na bonde liliporudi. Ulilisikia mkononi. Halikupinduka."

Mzee Makame aliikaza kamba mikononi. "Nitakwambia kitu, mwanangu," alisema. "Mikono hii inajua. Tangu nilipoipokea kamba kwa baba yangu, kila kinachorudi kina uzito wa mkono wangu. Siku niliyoumwa, kilirudi dhaifu. Siku niliyokasirika, kilirudi na hasira. Nikasema moyoni, mbona mkubwa wa Huko anafanana sana na mimi? Nikaogopa. Nikaacha kuwaza." Alifuta uso kwa kiwiko, kwa kuwa mikono hakuweza kuiachia. "Nimewanyima watu maziwa ya mbuzi, Mashavu. Kwa mkono wangu mwenyewe."

"Fundo limefunguliwa, baba. Kalifungua yeye."

"Au limeoza. Makumbi yanaoza. Ncha ikiwa huru ni ushahidi wa ncha tu, si ushahidi wa mtu. Pengine alifika, akafungua, akafa pale pale. Pengine hakufika. Wewe utajuaje?"

 Neno lile lilikuwa la kweli na lilimwingia Mashavu kama maji ya kisima tumboni asubuhi. Alitazama ukungu. Huko hakuna mkubwa. Hilo sasa alilijua, na kujua kwenyewe kulimtisha kuliko alivyodhani, kama mtu anayeegemea ukuta miaka yote na kugundua kwamba ukuta ulikuwa unamwegemea yeye. Hakuna mkubwa. Lakini je, kuna mdogo? Kuna mtu mmoja, aliyekonda, mwenye vidole ambavyo havijawahi kuchuma ndimu?

"Nipe," alisema.

"Mwanamke haishiki."

"Maiti hana mke, baba, na mimi leo si mke wala si mwali. Sina jina hapa. Nipe."

Akampa. Pengine alichoka tu. Kamba ilikuwa nzito kuliko alivyofikiri, na yenye joto. Mashavu akapanua miguu kama alivyomwona mzee, akainyanyua kwa nguvu zake zote. Nundu ikazaliwa, mbaya, imekaa upande, ikaenda zake. Wakangoja. Ikarudi.

Ilirudi nundu.

Mzee Makame akaanguka magoti. Machozi yalimtoka yakamwingia kwenye ndevu. "Ndiyo," alisema. "Mola wangu. Imesema ndiyo! Mwanangu yuhai! Ngoja niwaite, ngoja, Vuai! Kazija!"

"Usiwaite," alisema Mashavu. Sauti yake ilikuwa kavu. "Baba, hiyo si ndiyo. Ndiyo hiyo ni ya ncha isiyoshikwa na mtu. Ningeiuliza kama kuku wana meno ingesema ndiyo. Hakuna mtu pale."

Mzee akabaki na mdomo wazi, magotini. Hivi ndivyo walivyoipata ile waliyoiomba vizazi vyote, na ilikuwa tupu.

Lakini Mashavu aliikumbuka nundu ya uani na ile ncha iliyoruka. Kila walipotuma kitu leo, kule mwisho ncha imeruka, mara mbili ya kilichotumwa, mchana kweupe. Mtu aliye karibu ataona. Ataona kitu kisicho na uhai kinaruka, atajua kwamba upande wa pili kuna mkono. Atafanya nini? Mtu yeyote angefanya nini? Na akifanya hivyo...  Akifanya hivyo, ncha haitakuwa huru tena. Itakuwa na fundo jipya, la vidole. Nundu itafika, itataka kuinyanyua, naye hataiachia, ataing'ang'ania kwa nguvu zote. Itapinduka. Itarudi bonde.

Ee Mola, nikatalie. Hakuna aliyewahi kuomba hivi. Wote waliosimama hapa waliomba ndiyo. Mimi nipe hapana. Nipe hapana moja, kubwa, yenye kucha.

Akainyanyua kamba tena. Nundu hii ilitoka nzuri, imesimama, ikakimbia juu ya uwanda moja kwa moja, ikaingia ukunguni.

Hakupumua. Mzee naye hakupumua. Kamba ikanyooka, ikatulia, ikawa haina jambo. Muda ukapita, au haukupita. Kivuli cha mzee kilikuwa mbele yake, kisha nyuma, kisha hakuwa nacho. Mashavu alikuwa amefumba macho. Hakutaka kuona, alitaka kusikia kwa kiganja. Na kiganjani kikamfikia kitu cha uzito wa mkono wake, ila chini ya uzito ule kulikuwa na kitu kingine, mtetemo mdogo usio wake, wa mtu aliyechoka. Kamba ikamvuta chini kwa nguvu hata akainama.

"Bonde," alisema Mzee Makame. Alijikunyata kama aliyepigwa kofi. "Imesema hapana, mwanangu. Imekataa tena."

Mashavu alikwisha kaa chini mchangani, kamba kifuani, kanga nyeupe imemdondoka, akilia na kucheka kwa sauti isiyo na kiasi, mpaka kule mjini watu waliokuwa wameipa kamba mgongo wakasimama.

"Kaishika, baba," alisema. "Kaishika."